Ndũnyũ na Soko: Karatina katika Historia ya Miji ya Mlima Kenya

Mgeni anayefika mjini Nyeri kwa mara ya kwanza aghalabu huelekezwa makaburini. Huonyeshwa kaburi la Robert Baden-Powell, mwasisi wa Skauti, aliyefariki mjini humo tarehe 8 Januari 1941. Katika makaburi yayo hayo huonyeshwa pia alipolala Jim Corbett, mwindaji maarufu wa simbamarara wa India, aliyeaga dunia mwaka 1955. Akielekea Mathari hulikuta kanisa la ukumbusho la Waitaliano, alikozikwa Amedeo, Mtawala wa Aosta, aliyekufa mwaka 1942 akiwa mateka wa Waingereza. Hatimaye hupelekwa Treetops, ambako Binti Mfalme Elizabeth alipanda mtini usiku mmoja wa Februari 1952 kutazama ndovu, na kukapambazuka akiwa malkia bila ya yeye mwenyewe kujua.

Habari hizi ni za kweli na zina utamu wake. Hata hivyo, zina kasoro moja kubwa: ni habari za watu waliokuja kupumzika, kuwinda au kufa. Waliochukua mizigo mgongoni, waliopanga viazi mafungu mafungu, waliosuka vyondo na kuviuza, hawamo. Ukiisoma historia ya miji ya Mlima Kenya katika vitabu vya watalii utadhani kwamba miji hii ilianzishwa kwa ajili ya hoteli.

Makala haya yanauangalia mji mmoja usiokuwa na kaburi la mtu maarufu kutoka ng'ambo wala hoteli ya kifalme. Karatina, katika Mathira, ni mji mdogo ulio kwenye barabara kuu na reli zitokazo Nairobi kwenda Nanyuki, chini ya kilima cha Tumutumu na karibu na Mto Ragati. Unajulikana kote nchini kwa jambo moja, nalo ni soko lake. Inadaiwa humu kwamba historia ya miji ya Mlima Kenya inasomeka vyema zaidi sokoni kuliko ngomeni, na kwamba Karatina ndiyo mahali pafaapo pa kuanzia.

Kabla ya mji

Wagikuyu hawakungoja serikali ya kikoloni iwafundishe biashara. Neno lao la asili la soko ni ndũnyũ, na ndũnyũ ilikuwa na ratiba. Kila soko lilikaa siku ya nne, na masoko ya jirani yalipangiwa siku tofauti ili yasigongane. Hivyo mwanamke wa Mathira aliweza kuuza ndizi zake mahali pamoja leo, na kesho au kesho kutwa akazipeleka kwingine. Hapakuwa na maduka wala paa. Palikuwa na uwanja uliokubaliwa, aghalabu wenye mti mkubwa, na palikuwa na amani iliyolindwa na wazee: mwenye deni au ugomvi aliuacha nje ya uwanja, akauendea kwa njia nyingine.

Bidhaa zenyewe zilionyesha jiografia ya eneo zima. Chuma kilitoka Ndia, katika Kirinyaga ya leo, kwa wafua vyuma waliosifika kwa mikuki na panga. Unga, maharagwe, tumbaku na vibuyu vilitoka kwa wakulima wa miinuko. Mbuzi, kondoo na ngozi zilitoka kwa Wamaasai wa nyanda za upande wa pili. Jambo linalostahili kusisitizwa ni kwamba biashara hiyo na Wamaasai ilikuwa mikononi mwa wanawake, na kwamba wanawake hao walipita hata wakati vijana wa pande mbili walipokuwa wakipigana. Wapiganaji walijua kwamba vita vitakwisha lakini njaa haina mapatano. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha mwaka 1938 kuhusu maisha ya Wagikuyu, anaieleza biashara hii kama sehemu ya uchumi uliopangika.

Hata majina ya mahali yanasimulia mkutano huo wa makabila. Nanyuki, mji ulio kaskazini kabisa mwa reli, limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya wekundu. Anayefikiri kwamba miji hii ni ya kabila moja tangu jadi na asome ramani upya.

Jina lenye ubishi

Kuhusu jina la Karatina kuna maelezo mawili, na mwanafunzi wa lugha hawezi kuyapita bila ya kusimama.

Maelezo yanayosikika zaidi ni kwamba jina hili limetokana na karantini, yaani zuio la mifugo kwa sababu ya maradhi. Inasemekana kwamba maafisa wa kikoloni waliwazuilia ng'ombe mahali hapo, na wenyeji wakalitamka neno la wageni kwa ulimi wao. Maelezo ya pili yanalihusisha jina na mũratina, mti ambao Waswahili huuita mvungunya. Matunda yake marefu na mazito ndiyo yatumiwayo kuchachusha pombe ya asili, nayo pombe huitwa vivyo hivyo. Kwa mujibu wa maelezo haya, Karatina ni mũratina mdogo.

Tukiyapima maelezo haya kwa mizani ya fonolojia, la kwanza linakumbwa na tatizo. Kigikuyu hakipendi mfuatano wa n na t. Pale ambapo Kiswahili kilidondosha n katika neno la kale la Kibantu kikabaki na mtu, Kigikuyu kiliigeuza t kuwa d, kikapata mũndũ. Hata maneno ya mkopo yalifuata njia hiyo: senti ya Kiswahili ikawa thendi. Kwa msingi huo, karantini ingetarajiwa kuwa na nd ndani yake, wala si t tupu. Mũratina, kwa upande mwingine, hauhitaji kulazimishwa. Kiambishi ka- cha udogo huweza kuchukua nafasi ya mũ-, kama ambavyo mũirĩtu, msichana, akiwa mdogo huitwa kairĩtu. Basi mũratina ukiwa mdogo ni karatina, bila ya herufi yoyote kusukumwa.

Hoja ya sauti haitoshi kuuhitimisha ubishi, kwani maneno ya mkopo hayafuati kanuni kila mara. Lakini inaelekea kuwa mti una haki kubwa kuliko zuio. Kwa nini, basi, watu wameipenda hadithi ya karantini? Jibu liko katika historia. Kwa miongo mingi ya ukoloni, mifugo ya Waafrika katika maeneo yaliyotengewa wenyeji iliwekewa vizuizi vya kuhamishwa na kuuzwa, ili mifugo ya walowezi isiambukizwe na, wasemavyo wengi, ili bei ya walowezi isishindwe. Mathira ilipakana na nchi ya walowezi iliyoanzia pande za Kiganjo na kuendelea Naro Moru hadi Nanyuki. Mfugaji wa Kigikuyu aliyetaka kupitisha ng'ombe wake alikutana na zuio kweli, liwe liliupa mji jina au halikuupa. Wenyeji walichagua hadithi iliyofanana na maisha yao.

Ngome na reli

Desemba 1902, Richard Meinertzhagen, afisa kijana wa jeshi la Waingereza, alishiriki katika msafara wa kuwaadhibu watu wa Tetu, na karibu na kilima cha Nyeri ikajengwa ngome. Mji wa Nyeri ulizaliwa hapo. Mwaka 1904 ilifuata zamu ya Iriaini, yaani Mathira yenyewe. Watu waliuawa kwa mamia, na ng'ombe na mbuzi wakachukuliwa kwa maelfu. Meinertzhagen aliandika shajara, nayo ilichapishwa mwaka 1957. Waliouawa hawakuandika.

Baada ya bunduki zilikuja duka, misheni na kodi, na si rahisi kusema ni kipi kilitangulia. Wafanyabiashara wa Kihindi waliufuata msafara hadi Nyeri, na jina la Osman Allu lingali linakumbukwa mjini humo kama mmoja wa wenye maduka wa mwanzo. Wamisionari Wakatoliki wa Consolata walifika Tuthu, Murang'a, mwaka 1902, na punde si punde wakawa Mathari. Wapresbiteri wa Uskoti walijenga Tumutumu, na kufikia 1909 palikuwa na misheni, shule na mwanzo wa hospitali juu ya mji ambao bado haukuwapo. Tumutumu ndiko Arthur Barlow alikofanya sehemu kubwa ya kazi yake ya kuchunguza na kuandika Kigikuyu. Agano Jipya katika lugha hiyo lilitoka mwaka 1926.

Kilichoifanya Karatina kuwa mji, hata hivyo, ni reli. Tawi la kutoka Nairobi lilikuwa limefika Thika mwaka 1913. Katika miaka ya 1920 lilisukumwa kaskazini, likapita Sagana na Karatina, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 likawa limefika Nanyuki, kwenye mashamba ya walowezi. Reli haikujengwa kwa ajili ya mama mwenye kikapu cha viazi. Ilijengwa kubeba ngano, ng'ombe na mbao za wakubwa. Lakini reli haichagui abiria wa kusimama kando yake. Wafanyakazi wa stesheni walihitaji kula, na magari ya maksai, na baadaye malori, yalikuwa na mahali pa kukutana. Mathira, yenye mvua ya kutosha na udongo mwekundu wenye rutuba, ilikuwa na chakula.

Hapa kuna kinaya kinachostahili kutajwa. Nyeri, makao makuu ya mkoa, haikuipata reli. Stesheni yake iliwekwa Kiganjo, kilomita kadhaa nje ya mji. Kwa hiyo mji wa maafisa ulipata bendera, mahakama na klabu, na mji usio na afisa mkubwa ukapata treni. Tofauti hiyo ingali inaonekana. Nyeri ni mahali pa kwenda kutafuta mhuri, Karatina ni mahali pa kwenda kununua.

Kiswahili kilivyoingia kikapuni

Msamiati wa biashara wa Kigikuyu ni ushahidi ambao haukuwahi kutiwa chumvi na mwandishi yeyote. Ndũnyũ ilibaki, lakini kando yake likaja thoko, kutoka soko. Duka likawa nduka. Pesa zikawa mbeca. Gunia likawa ikũnia, debe likawa ndebe, na thumni ikawa thumuni. Orodha hii inafundisha jambo. Maneno ya kulima, kupika na kubeba hayakukopwa, kwa kuwa Wagikuyu walikuwa nayo tele. Yaliyokopwa ni maneno ya vipimo, vyombo na fedha, yaani ya yale yaliyobadilika.

Kabla ya ukoloni, mbuzi alikuwa kipimo cha thamani. Serikali ilipodai kodi ya nyumba kwa fedha taslimu, kwanza kwa rupia na kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1920 kwa shilingi, ndizi na maharagwe hayakutosha tena kuwa ndizi na maharagwe. Yalilazimika kugeuka kuwa mbeca. Aliyekuwa na mbuzi watano na hana shilingi alihesabiwa kuwa maskini mbele ya karani wa kodi. Neno la mkopo katika hali hii halikuwa pambo la lugha. Lilikuwa risiti.

Waliolileta neno hilo ni wapagazi na askari wa misafara, wenye maduka, na Waislamu waliojenga mitaa ya Majengo huko Nyeri na Nanyuki. Historia ya mitaa hiyo haijaandikwa inavyostahili. Wanafunzi wa Kiswahili wanaokwenda Lamu na Zanzibar kila mwaka kutafuta mada za utafiti wangeweza kupanda matatu ya saa tatu tu na kukikuta Kiswahili cha bara chenye umri wa zaidi ya karne moja.

Biashara yenyewe ilizungushiwa sheria. Sheria ya mwaka 1935 ya uuzaji wa mazao ya wenyeji ilielekeza mazao katika masoko yaliyotangazwa na kwa wanunuzi wenye leseni. Sheria nyingine ilidhibiti mikopo kwa Waafrika, kwa hivyo Mwafrika aliyetaka kujaza rafu za duka lake alilazimika kununua kwa fedha taslimu kile ambacho mshindani wake alikipata kwa ahadi. Anayeuliza kwa nini maduka ya barabara kuu za miji hii yalimilikiwa na wageni kwa muda mrefu, huku Waafrika wakiuza chini juani, asiitafute sababu katika tabia za watu.

Kabichi za vita na soko lililofungwa

Vita vya Pili vya Dunia viliiletea Karatina bahati ya ajabu. Majeshi ya Uingereza yalihitaji chakula kisichooza, na serikali ikaanzisha mjini humo kiwanda cha kukausha mboga. Wakulima wa Mathira walihimizwa kupanda viazi, kabichi na karoti, na kwa mara ya kwanza wakawa na mnunuzi mmoja mkubwa, wa hakika, aliye karibu. Waliitikia. Vita vikaisha, na mnunuzi akaondoka. Kiwanda kilifungwa, na wakulima wakabaki na mbegu, ujuzi na hasira.

Wachambuzi wengi wa chimbuko la Mau Mau huzungumzia ardhi, nao wana haki. Lakini inafaa kuongeza kabichi. Mkulima aliyekuwa ameonyeshwa kwamba anaweza kulilisha jeshi, kisha akaambiwa kahawa si zao lake na soko lake limekwisha, hakuhitaji mtu wa kumsomea hotuba.

Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Karatina ilikuwa katikati ya moto, kwani msitu wa Mlima Kenya uko karibu na wapiganaji walipata chakula kutoka Mathira. Waruhiu Itote, aliyejulikana kama Jenerali China na aliyeongoza wapiganaji wa Mlima Kenya, alitiwa mbaroni Januari 1954 katika pande hizi akiwa na jeraha la risasi shingoni. Alihukumiwa kifo, adhabu ikabadilishwa, naye akaishi hadi 1993. Dedan Kimathi alikamatwa karibu na Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957.

Majina hayo yanafahamika. Kisichosimuliwa mara nyingi ni jinsi vita hivyo vilivyopiganwa dhidi ya soko. Kufunga masoko na maduka kulikuwa adhabu ya pamoja iliyotumiwa mara kwa mara dhidi ya kata zilizoshukiwa. Kuanzia katikati ya 1954, zaidi ya Wagikuyu, Waembu na Wameru milioni moja walihamishwa kwa nguvu na kurundikwa katika vijiji vyenye ulinzi. Nyumba zao za zamani zilichomwa, na wanawake wakachimba handaki la kuutenga msitu na mashamba. Saa za kutoka kijijini zilihesabiwa. Katika hali hiyo hapana ndũnyũ. Uwanja ambao wapiganaji wa karne iliyotangulia waliuheshimu hata vitani ulifungwa na serikali iliyodai kuja kuleta amani.

Mwaka huo huo wa 1954 serikali ilitoa Mpango wa Swynnerton, uliokusudia kuunganisha vipande vya ardhi, kutoa hati na kuwaruhusu Waafrika wengi zaidi kupanda mazao ya biashara. Kiwanda cha chai cha Ragati, miongoni mwa vya mwanzo kabisa vya wakulima wadogo nchini, kilianza kazi mwaka 1957. Kahawa na chai ziliibadilisha Mathira, na pesa zake zikajenga ghorofa za mwanzo za Karatina. Lakini ardhi iliunganishwa wakati wanaume wengi walikuwa kizuizini, na si kila aliyerudi alikikuta alichokiacha.

Kitabu katika mji wa viazi

Mmoja wa waliokuwa kizuizini alikuwa Gakaara wa Wanjaũ, na habari zake zinaipa Karatina nafasi ambayo miji mikubwa kadhaa ya Kenya haina. Alizaliwa mwaka 1921, akasoma katika shule za Tumutumu na Alliance, akawa karani wa jeshi wakati wa vita, kisha akaanza kuandika na kuchapisha. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alitoa kijitabu Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika, akakiandika kwa Kiswahili. Uteuzi huo wa lugha haukuwa wa bahati nasibu. Kichwa chenyewe kinamtaja Mwafrika, si Mgikuyu. Mwandishi ambaye baadaye angesifiwa kwa kukitetea Kigikuyu alitambua kwamba kuna hadhira ambayo Kigikuyu hakiifikii.

Alikamatwa Oktoba 1952, akazuiliwa kwa miaka mingi katika kambi mbalimbali, ikiwamo ya Kisiwa cha Manda karibu na Lamu. Shajara aliyoiandika kizuizini ilichapishwa mwaka 1983 kwa jina Mwandĩki wa Mau Mau Ithaamĩrio-inĩ, na mwaka 1984 ikapata Tuzo ya Noma, ambayo wakati huo ilikuwa miongoni mwa tuzo kubwa za uandishi barani Afrika. Matbaa yake ilikuwa Karatina. Hapo alitoa vijitabu vyembamba vya Kigikuyu, jarida la Gĩkũyũ na Mũmbi, na visa vya mhusika wake Wa-Nduuta, aliyezurura katika maisha ya mjini.

Hapana budi kulitilia maanani umbo la vitabu hivyo. Vilikuwa vyembamba na vya bei nafuu, vya kusomwa na mtu aliyekwisha kuuza mzigo wake na akabakiwa na chenji. Historia ya fasihi ya Kenya, kama inavyofundishwa, ina njia kuu ipitayo Nairobi na Makerere, na kwa Kiswahili njia nyingine ipitayo Mombasa na Lamu. Gakaara hamo vizuri katika yoyote kati ya hizo. Yeye ni mwandishi wa mji wa soko, na mji wa soko una namna yake ya kusambaza maneno. Alifariki mwaka 2001. Vijitabu vyake vingi sasa havipatikani madukani.

Uwanja na jengo

Karatina ya leo ina chuo kikuu kinachobeba jina lake, kilichopewa hati mwaka 2013. Ina benki, hospitali na msongamano wa magari. Soko bado ndilo jua la mji. Siku za Jumanne, Alhamisi na Jumamosi malori huingia alfajiri kutoka Kirinyaga, Meru, Nyandarua na kwingineko, na kufikia saa mbili hapana pa kuweka mguu. Viazi, nyanya, parachichi, kabichi, mitumba na vyondo hupangwa hadi kando ya barabara. Wenyeji hujigamba kwamba ni soko la wazi kubwa kuliko yote katika Afrika Mashariki na Kati, na wengine huongeza kuwa ni la pili barani. Hakuna anayeonekana kuwahi kulipima kwa kamba, lakini fahari ya mji haihitaji kamba.

Katika mwongo wa 2010 serikali iliamua kujenga soko la kisasa mahali pa lile la zamani. Wachuuzi waliondolewa kupisha ujenzi, kazi ikachukua miaka, na jengo lilipokuwa tayari malalamiko yalikuwa yale yale yasikikayo kila mahali: nafasi hazitoshi, na ghorofani mteja hapandi. Lawama hizi hazikutokana na ukaidi wa wachuuzi. Ndũnyũ ni uwanja, na uwanja una kanuni ambayo jengo halina. Katika uwanja, mwenye mafungu matatu ya mboga hukaa karibu na mwenye lori zima, na mnunuzi huwaona wote wawili kwa jicho moja. Jengo humpa mmoja nafasi ya mbele na mwingine ngazi. Mhandisi huhesabu vibanda, lakini mama mwenye mafungu matatu hakuwahi kuwa na kibanda, na kwa hiyo hahesabiki.

Reli nayo ilirudi. Njia ya kutoka Thika kwenda Nanyuki, iliyokuwa imelala kwa miaka mingi, ilikarabatiwa, na Desemba 2020 treni ya abiria ikaonekana tena Karatina. Watu walitoka madukani kuitazama, wengine wakiwa na umri wa kutosha kukumbuka ile ya zamani.

Hao ndio wa kuulizwa. Nyaraka za wakoloni ziko katika hifadhi ya taifa, Nairobi, na mtafiti anaweza kuzisoma mwaka ujao au miaka kumi ijayo. Soko la zamani, amani yake, bei zake, nyimbo zilizoimbwa njiani na yaliyotukia siku lilipofungwa, viko katika vinywa vya wanawake wa Mathira. Aliyekuwa msichana wa miaka kumi, anayembebea mama yake kiondo, vijiji vilipozungushiwa ulinzi mwaka 1954, sasa amekwisha kuvuka miaka themanini.